Goreti Aliona, Akanyamaza

Nyumbani kwa Saturnini, pale Nambambo, mtoto hakumkosoa baba. Saturnini alilelewa hivyo, naye akalea hivyo kwa ukali ule ule. Binti yake Goreti, wa kidato cha tatu, hakuivunja kanuni hiyo hata mara moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kabla upepo haujaanza, walikwenda kupulizia mikorosho michanga dawa ya ubwiri unga, ugonjwa unaofunika maua kwa ukungu mweupe. Ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Walikwenda na bomba la mgongoni ambalo jirani yao, Linus, aliliazima akalirudisha jana yake. Goreti ndiye aliyelipokea. Alijua Linus alikuwa analipulizia sumu ya kuua magugu, na hakumwona akilisuuza.

Baba alipofungua kifuniko, binti akasogea.

"Baba, hilo bomba..."

"Limefanya nini?"

"Linanuka."

"Ulitaka dawa inuke marashi?" Saturnini akacheka. "Haya, bibi shamba wetu kafika! Hesabu zenyewe zinakushinda, mikorosho ndiyo utaijua?"

Goreti akainamisha kichwa, akamimina maji. Mti wa kwanza ukapuliziwa, kisha wa pili. Karibu shamba zima lilikuwa bado halijaguswa. Kila baba alipogeuka, binti alifungua mdomo, akaufunga.

"Una neno?"

"Hapana, baba."

Wakamaliza shamba lote.

Siku chache baadaye majani yakajikunja, maua yakakauka. Linus alikuja kutazama, akashika kichwa.

"Kaka, hukulisuuza? Mie nilitoka kuua magugu!"

Saturnini akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua, baba. Ulivyocheka, nikaona nimekosea mimi. Nikasema labda mjomba Linus alilisuuza."

Wako wazazi watakaouita huo utiifu. Mimi sikubali. Mtoto mtiifu hutii akiwa na akili yake kichwani. Huyu alifundishwa miaka yote kuidharau ya kwake.

Mama yake mdogo, Koleta, alimchukua akakae naye Nandagala, upande wa Ruangwa. Huko watoto hubishana na mama yao hata juu ya chumvi ya mboga, na hakuna anayepigwa. Goreti akiulizwa kama imekolea, huzitazama kwanza nyuso za wenzake.

Saturnini alipoteza korosho za msimu mmoja. Goreti hadi leo haamini anachokiona kwa macho yake.