Nilivyomhamasisha mchezaji wangu bora mpaka akaingia kambini

Wakuu, habari za saa hizi.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Kuna vijana humu wameanza ukocha vyuoni na naona wanavyojisifia ukali. Someni taratibu.

Ni miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanavuka ziwa kwa wingi. Nilikuwa mkufunzi kijana, mtu wa Morogoro, nimepangiwa chuo kimoja Kigoma. Nikapewa na timu ya basketi.

Falsafa yangu ilikuwa na mambo mawili tu: kelele na zawadi. Ukizembea, nakusema mbele ya watu. Ukijituma, napeleka jina lako timu ya mkoa, unapanda treni kwenda Dodoma kwenye mashindano.

Nani asingetaka Dodoma?

Basi kulikuwa na kijana anaitwa Deo. Mpole, mrefu, alijiandikisha kama mzaliwa wa Ilagala. Mazoezini hakuna aliyemuweza. Anaruka, anachukua rebound, anafunga huku wenzake wanamwangalia.

Ila siku afisa michezo wa mkoa akija kuchagua wachezaji, Deo anageuka mtu mwingine. Anapoteza mipira. Anakosa hata free throw.

Mara ya kwanza nikasema woga. Mara ya tatu nikasema huyu ananidharau.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nikapeleka jina lake mkoani kimya kimya, kama surprise. Na ili mambo yaende haraka, nikawaomba waandikie kijiji cha Ilagala wathibitishe kuzaliwa kwake.

Wiki mbili baadaye nikatangaza mbele ya timu nzima. Wenzake wakapiga makofi.

Deo hakupiga. Alisema, "Mwalimu, mimi sitaki."

Nilipandwa na hasira, wakuu. Nikamwambia, "Mama yako anajua kuwa amezaa mwoga?"

Deo akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi, akaondoka.

Kesho yake kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu.

Kapteni wetu, Athumani, mtoto wa Ujiji, akanifuata ofisini. Huyu alikuwa hanitazami usoni, lakini siku hiyo alinitazama.

"Mwalimu, nenda ufukweni Kibirizi ukamwone mama yake mdogo. Anaanika dagaa pale. Mimi siwezi kukuambia."

Nikaenda. Nikaonyeshwa mama mmoja wa Kiha ameinamia dagaa wake. Nikamsalimia, "Shikamoo mama. Mimi ndiye mwalimu wa Deo."

Hakuitikia. Aliniuliza, "Ni wewe uliyeuliza kama mama yake anajua?"

Nikasema ndiyo.

"Dada yangu aliolewa Burundi. Vita vilipokuja alipanda mtumbwi na mwanawe. Ukazama kabla hawajafika Kagunga, mpakani upande wetu. Mtoto aliogelea. Dada yangu sijamzika mpaka leo."

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Hakuwa amemaliza. Alimwandikisha Deo kama mwanawe wa kumzaa ili asome, asiishi kambi ya wakimbizi. Timu ya mkoa ilikuwa na fomu, na fomu zinauliza umezaliwa wapi. Kumbe kila nilipomwahidi Dodoma, nilikuwa namtisha!

"Barua yenu imefika Ilagala," akasema. "Mwenyekiti wa kijiji amenitumia mtu kuuliza. Deo akaniambia, mama, nikibaki watakushika wewe. Leo alfajiri amekwenda kambini kujiandikisha."

Nilikimbia ofisi ya mkoa, nikafuta jina, nikasema nilikosea kujaza. Barua ya pili ikaenda kijijini kusitisha ile ya kwanza. Mama yule hakuguswa. Lakini Deo alishaandikishwa kuwa mkimbizi, na ukishaandikishwa hutoki kambini bila kibali. Masomo yake ya chuo yakaishia hapo.

Ilinichukua mwezi kupata kibali cha kuingia kule. Nilijiandaa kutukanwa.

Alikuja amevaa ndala, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikaanza kuomba radhi, maneno nayarudiarudia. Akaniacha nihangaike nayo mpaka mwisho, kisha akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa lugha ya kwao. Hilo tu.

Halafu akaniuliza, "Mechi ya Jumamosi ile nilipoondoka, mlishinda?"

Nikamwambia tulifungwa vibaya.

"Athumani jicho lake la kulia halioni vizuri, Mwalimu. Mpange upande wa kulia, uwanja wote uwe kushoto kwake. Na yule center wetu, ukimpigia kelele anasahau kila kitu. Mwite pembeni, ongea naye taratibu."

Miaka miwili nafundisha timu ile. Jicho la kapteni wangu sikulijua! Nikarudi nikamuuliza Athumani kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza, Mwalimu."

Amani iliporudi Deo alirudi kwao, hivyo ndivyo mama yake mdogo alivyoniambia. Mimi sijamwona tena.

Nilifundisha basketi miaka mingi baada ya hapo. Kila mchezaji mpya nilikaa naye kwanza, bila mpira, nikamuuliza anaogopa nini na anataka nini. Wengine hawakutaka Dodoma. Mmoja alitaka tu aachiwe mapema akamuuguze baba yake, nikamwachia, na hakuna aliyewahi kunichezea kwa moyo kama yule.

Kabla hujamtia mtu moyo, jua kwanza moyo wenyewe umebeba nini.

Makocha na mliowahi kufundishwa, uwanja ni wenu. Na mnaotaka kunisema, nisemeni, nimestahili.