Utepe Mweupe wa Falonne

Mezani kwa Falonne pale Hillbrow, mteja haondoki na kitenge kabla hajatoka jasho. Kutoka Lubumbashi alikuja na mdomo wake tu, na mdomo huo ndio uliompatia chumba Berea. Lakini Jumamosi mchana, akipanda ngazi za ukumbi mmoja Newtown, hufunga utepe mweupe mkononi. Humo hukutana watu wazima wanaopenda, kwa hiari yao, kufungana kamba na kuamrishana. Utepe mweusi ni wa waamrishaji. Mweupe, wa waamriwa. Falonne aliuvaa kwa raha. Wiki nzima anavutana na watu. Pale angalau mtu mwingine huamua.

Ila wenzake walimwona na utepe hata alipouvua.

Jumamosi moja walikuta kufuli jipya mlangoni. Mama Célestine, mwenye jengo, amechoka na makelele: watafute kwingine. Na kwingine kwa kuwapokea watu kama wao hakuna.

"Waende tepe nyeusi wakaongee," akasema Gaël, mmoja wao.

"Niende mimi," akasema Falonne.

"Weye? Yaya," Gaël akamwita kama dada mkubwa, "kazi yako si kusema ndiyo?"

Kicheko kikajaa ngazini.

Akachaguliwa Emery, mlinzi wa dukani, kifua kama mlango. Hata Falonne, kwa ule weusi wa utepe wa Emery, alikuwa akimsalimia huku akitazama sakafu. Falonne akamfuata, wacheke wasicheke, akamkuta Emery amenywea mbele ya kile kimama chenye miwani.

"Ndiyo, Mama. Samahani, Mama. Tutahama, Mama."

"Mama Célestine," Falonne akadakia, "makelele gani hasa? Ya ndani, au viatu ngazini?"

"Viatu! Kichwa changu kinapasuka!"

"Bon. Viatu tutavua huku chini. Kufuli utoe leo."

"Na viti vya maombi ya Jumapili mtanipangia."

"Kupanga, sawa. Kuvibeba toka stoo, hapana."

Mama akamkazia macho. "Wewe ni nani wao?"

"Mimi ndiye unayeongea naye, Mama."

Yule mama akacheka kwa pua, akatoa ufunguo.

Emery aliketi kwenye ngazi kama gunia lililotuliwa. "Eish! Kama mama yangu mzazi kabisa yule. Hiyo hapana umejifunzia wapi?"

"Humu humu. Kabla mtu hajanifunga kamba, nani humwambia aguse wapi, asiguse wapi, na neno gani nikilitamka afungue papo hapo?"

Emery akafikiri. "Wewe."

"Sasa?"

"Na mimi kwa huu mweusi kila mtu ananitwisha ugomvi wake. Nilikuwa nakuona nasema, huyu hata bei ya nyanya hawezi kuomba ipunguzwe."

"Mimi nilidhani utaniuma."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Falonne akavua viatu, akakaza utepe wake mweupe, akapanda. Nyuma yake akasikia soli za Gaël.

"Gaël. Viatu."

"Ndiyo, yaya," akasema Gaël, akarudi chini.