Matcha ya Boga na Neno Lisilofika

Kila Jumamosi saa nne asubuhi harufu ya mdalasini ilishuka ngazi kutoka kwa Prudensia mpaka mlangoni kwangu, nami nikajua binti yake, Precious, ameamka. Tuliishi jengo moja pale Carrollton, Texas, Prudensia juu, mimi chini, miaka mitano. Habari zake naziandika kwa hasira, na nasema mapema ili asiyependa hasira akatafute kingine cha kusoma.

Prudensia ni Mchaga wa Rombo, mfupi, mwendo wa haraka, sauti ya chini. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya kuanzia mchana mpaka usiku. Alitoka kabla binti yake hajarudi shule, akarudi binti amelala. Siku za kazi walizungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji: wali uko kwenye sufuria nyeusi, nisainie fomu ya safari, nimeshasaini, mavazi yako nimefua. Yeye na mumewe, Modestus, walikuwa wameachana, mume akahamia Pearland, mwendo wa saa nne kwa gari, akafanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya Houston. Huyo simsemi vibaya. Alimpigia mtoto simu kila siku na kumchukua kila likizo.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo iliyokuwa mali yote ya Prudensia. Na mwaka 2018, Precious alipotimiza miaka kumi na tano, hata hiyo ilianza kumponyoka. Binti alivaa vidude vyake vya masikioni, akajibu kwa neno moja moja, na Septemba ilipoingia akawa anatoka na wenzake kwenda mgahawa mmoja karibu na maduka ya Wakorea kunywa matcha latte ya boga. Msimu huo wa majani kupukutika hapa kila kitu hutiwa boga, hata mishumaa.

"Chai yangu ya maziwa imekosa nini, Immaculate?" Prudensia aliniuliza.

"Haijakosa kitu. Wewe ndiye umekosa umri wa miaka kumi na tano," nikamjibu.

Hakucheka. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Wakorea hao hao akanunua kikopo cha matcha, chai ya kijani iliyosagwa ikawa laini kama poda ya mtoto. Akaipika kama tunavyopika chai kwetu: akaimwaga kwenye sufuria ya maziwa na kuiacha ifure mara tatu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji ya mchicha na uchungu wa kwinini. Precious alionja, akatema kwenye sinki, halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kicheko hicho nilikisikia mimi huku chini. Prudensia aliniambia kwamba hakuwa amemsikia mwanawe akicheka hivyo tangu baba yake aondoke, na kwamba kwa kicheko kile angeunguza maziwa yote ya Texas.

Basi wakajifunza pamoja. Boga bichi, si la kopo, mama alilipika kwa mvuke, akaliponda na kulipitisha kwenye chujio. Akalichanganya na maziwa, mdalasini, tangawizi, karafuu mbili zilizosagwa na kijiko cha asali, akapasha kwa moto mdogo bila kuyaacha yachemke. Matcha ilikaa peke yake kwenye bakuli, ikatiwa maji ya moto yaliyokwisha kupoa kidogo, na hapo ndipo kazi ya Precious ilipoanza. Aliikoroga kwa kipekecho kidogo cha mti, mdogo wake kile cha mtori wetu wa ndizi, alichotumiwa na bibi yake kutoka Rombo. Alikizungusha katikati ya viganja mpaka povu likapanda. Mama akamimina maziwa ya boga, binti akamimina kijani juu yake, wakakaa. Mambo ya wiki nzima yalisemwa hapo: mwalimu wa kemia, mzee wa chumba namba sita anayeficha meno yake, nguo za shule.

Kulikuwa na kikombe cha tatu, na hicho kilikuwa cha Joyceline. Huyu ni Mpare wa Same, mpokea wageni katika kliniki ya meno, hana mume wala mtoto, na akiingia chumbani hata mgonjwa hucheka. Alikuja na kikombe chake mwenyewe chenye picha ya tembo, maana Wapare na Wachaga ni watani, Mpare akisemwa kwa kupenda kesi na Mchaga kwa kupenda pesa, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mchaga kutoa kinywaji cha bure!" alisema kila Jumamosi. "Ngoja nipige picha, Same hawataamini."

"Kunywa, Mpare, kabla hujatufungulia kesi," Prudensia alimjibu.

Lakini Joyceline hakuwa mtani tu. Kwetu binti mkubwa hamwendei mama yake uso kwa uso na jambo zito. Humwendea shangazi au mama mdogo, naye hulibeba lile jambo, hulipoza, hulifikisha kwa mama wakati tulivu, kisha humrudishia binti jibu. Jibu likisharudi, halijadiliwi tena. Prudensia hakuwa na dada hapa Amerika. Kwa hiyo Precious alipopata kipaimara mwaka 2017, Joyceline akiwa msimamizi wake, Prudensia alisimama mbele yetu sote na sahani ya keki mkononi akasema, "Mwanangu, kuanzia leo huyu ndiye mama yako mdogo. Ukiwa na jambo usiloweza kuniambia, mpe yeye. Nitalipata." Joyceline alilia kwa furaha. Mimi nilipiga vigelegele. Nikikumbuka vigelegele vile naona aibu.

Jumamosi zikaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha Alhamisi moja ya Desemba 2019, kabla ya kwenda kazini, Prudensia alishuka kwangu na simu mkononi. Alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Modestus alikuwa amepiga simu kuuliza jambo dogo.

"Ameniuliza godoro la mtoto alichukue au amnunulie jipya," alisema. "Anakuja Jumamosi na pickup. Precious anahamia Pearland, ataanza shule huko Januari. Nikamwambia sielewi. Akasema, 'Mama Precious, si mtoto alimtuma Joyceline kwako tangu Septemba, kuomba ahamie kwangu? Akarudi na jibu kwamba umekubali.' Akasema alishangaa sijampigia, lakini akajua nina uchungu, akaniheshimu."

"Na Precious?"

"Maboksi yako chini ya kitanda chake. Nimeyaona sasa hivi."

Nilitaka kwenda kwa Joyceline saa ile ile. Prudensia akanizuia. Alisema atampa Jumamosi moja ya mwisho, kwani labda mwenzake alikuwa akitafuta maneno, na mtu anayetafuta maneno huweza kuyapata. Alinyamaza siku mbili, akiandika vikaratasi vyake vya friji kama kawaida. Mimi nisingeweza hata saa mbili.

Jumamosi aliniita nipande juu. Boga lilikuwa limeshachujwa. Precious alikuwa amevaa viatu vya kutokea, kamba zimefungwa, na alikuwa akipekecha matcha, macho yake yakiwa bakulini. Saa nne kamili Joyceline akaingia na tembo wake.

"Mchaga kutoa kinywaji cha bure!"

Prudensia alimjazia kikombe. Alimwangalia akinywa, akangoja. Joyceline alisifu boga. Akalalamika juu ya baridi. Akauliza kama kuna sukari ya kuongeza. Kikombe kilipofika nusu Prudensia akasema, "Joyceline, una neno langu lolote?"

"Neno gani tena, dada?"

"Lile uliloniletea Septemba."

Precious alisimamisha kipekecho. "Mamdogo, you told her," alisema. "Uliniambia umemwambia. Ulisema mama amesema sawa, niende."

Joyceline alikiweka kikombe mezani. Kwanza alinitazama mimi, sijui kwa nini, kisha akatazama dirishani.

"Nilikuwa natafuta nafasi," alisema. "Kila nikija nawakuta mnacheka. Ningeanzia wapi, dada? Ningesema, hizi Jumamosi zinaisha? Na mtoto akawa ananitumia text kila siku, mamdogo ume-ask, mamdogo amesemaje. Ndiyo nikamwambia umekubali. Nilijua atabadili mawazo mwenyewe, na wewe usijue kitu. Niliwalinda wote wawili."

"Ulilinda kikombe chako," nikamwambia.

Watu husema mjumbe hauawi. Waliotunga methali hiyo walidhani mjumbe atafikisha ujumbe. Hawakumjua anayeumeza njiani, akabuni jibu, kisha akaja miezi mitatu mfululizo kunywa nyumbani kwa aliyemsaliti na kusema boga leo limekolea.

Lakini kilichomvunja Prudensia hakikutoka kwa Joyceline. Kilitoka kwa mwanawe, aliyekuwa analia sasa, bakuli bado mbele yake.

"Nilikuwa nangoja, Mama. Every Saturday. Nilijua hatuzungumzi tena jibu likisharudi, lakini nilifikiri utasema tu, usiende. Hata mara moja. Ulikuwa unanipa kikombe unacheka. Nikaona you didn't mind. Nikaona hunihitaji sana."

Prudensia hakupiga kelele. Alisimama, akachukua kikombe cha tembo, akamwaga kilichobaki kwenye sinki, akakiosha kwa sabuni, akakifuta kwa kitambaa safi, akamkabidhi Joyceline kwa mikono miwili kama tunavyompa mgeni kitu.

"Hiki ni chako," alisema. "Nenda nacho."

Joyceline alianza kusema dada, dada. Mimi nilifungua mlango. Ngazini alipishana na Modestus aliyekuwa akipanda, naye Modestus akamsalimu kwa heshima, maskini, hakujua.

Alipoelezwa alikaa juu ya boksi la vitabu na kushika kichwa. Ni mtu wa haki. "Mama Precious," alisema, "shule imeshampokea, lakini shule ni makaratasi. Ukisema abaki, narudi na gari tupu leo hii."

Precious akamgeukia mama yake. "Unataka nibaki?"

"Nataka," Prudensia alijibu mara moja. "Ungeniuliza Septemba ningekushika miguu. Na wewe, unataka nini?"

Binti alimtazama baba yake, kisha akatazama chini. Mimi ningesema badala yake, ningesema abaki, ningefungua yale maboksi kwa meno. Lakini sikuwa mama yake, na mama yake alikuwa anaangalia viatu vilivyofungwa tangu asubuhi. Mtoto alimtaka baba yake, na pia alitaka kuombwa asiende. Vyote viwili vilikuwa kweli, na kimoja kilikuwa kimeshaibiwa.

Prudensia alikifunga kipekecho kwenye taulo ndogo akakitia kwenye mkoba wa binti yake.

"Sawa," alisema. "Nenda, mwanangu."

Lilikuwa neno lile lile Joyceline alilomtungia Septemba, na sasa ilibidi alitamke kwa mdomo wake mwenyewe. Joyceline alilisikia. Pickup ya Modestus ilikuwa imeziba gari lake, kwa hiyo alikuwa bado pale ngazini na kikombe chake, na tulipoteremsha godoro alijibana ukutani tupite.