Kabati la Rauta

Baba yetu mtaa mzima unamwita Fundi Kimya, na aliyempa jina hilo bila shaka hakuwahi kuishi naye nyumba moja. Ni kiziwi tangu utotoni. Milango anaifunga kwa kishindo mpaka vikombe vinatingishika, viti anaviburuta, nyundo anaigonga hata mtu akiwa kitandani na homa, na akicheka majirani wanachungulia dirishani. Mimi ni msusi, nashinda saluni na makelele ya wateja kutwa nzima, lakini nikirudi nyumbani ndipo masikio yanapoanza kuuma. Huyo ndiye kimya wao.

Kazi yake ni useremala. Karakana imepakana na sebule yetu, ukuta mmoja tu katikati, na vumbi la mbao ni mpangaji asiyehama. Liliua redio ya marehemu mama. Likaua na kompyuta ya kwanza ya dada, na nyaya zilizosalia panya wakazimaliza. Kwa hiyo siku dada alipoleta rauta, kile kiboksi cha kugawa intaneti nyumbani bila waya, baba alikizunguka, akakigusa, akazitazama taa zake zikipepesa, kisha akauliza kwa mikono, "Hiki ndicho kitakacholeta kazi yako humu ndani?"

"Ndiyo, baba."

"Basi kinahitaji nyumba," akasema, akaingia karakana.

Niieleze na kazi yenyewe. Dada ni mkalimani wa lugha ya alama. Sote wawili tuliipata kwa baba kabla hatujatamka neno, ila mimi naiongea kwa kupayuka kama ninavyoongea kila kitu, na yeye anaiongea kwa mpangilio. Hospitali ikipata mgonjwa kiziwi, inampigia dada kwa video. Mgonjwa anasema kwa mikono, dada anamwambia daktari kwa sauti. Daktari akijibu, dada anarudisha kwa mikono. Sasa hebu fikiria picha ikiganda. Mimi na wewe sauti ikikatika tunapiga haloo, haloo, rudia. Lakini mkono ukiganda hewani, neno limekatika katikati, na mwenye kusema wala hajui.

Kabati lilimchukua baba muda mrefu, maana mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alilitengeneza kwa mbao ngumu, viungo vinaumana bila msumari hata mmoja, mlango una kufuli ndogo. Ndani akalivisha bati kila upande, mpaka mgongoni na mlangoni, ili vumbi likwame na panya wavunjike meno. Akaacha tundu dogo chini la kupitisha waya. Alipomaliza alikaa mbele yake akilipapasa, kisha akatuambia, "Hili ndilo la mwisho. Mikono imekataa." Dada alilia waziwazi. Mimi nilisema nimeingiwa na vumbi machoni, na katika nyumba ile nani angenibishia?

Kabati likawekwa sebuleni, rauta ikaingia ndani, na balaa likaanza. Video zikawa zinaganda kila dada akipigiwa chumbani kwake. Tukalaumu kampuni ya intaneti, tukalaumu mvua, tukalaumu kompyuta. Mwishowe hospitali ikamwambia kwa upole, ule upole unaotisha, kwamba simu zikiendelea kukatika itabidi watafute mkalimani mwingine. Ndipo akaitwa fundi wa mtandao.

Alikuwa mtu mpole, mwenye mkoba mkubwa kuliko vifaa vilivyokuwamo. Akatueleza kwamba waifai ni mawimbi ya redio tu, hakuna uchawi. Rauta yetu inayatuma kwa bendi mbili. Ile ya gigahezi 2.4 inafika mbali na kupenya kuta, lakini ni ya polepole, na vifaa vya majirani wote vimejazana humo. Ile ya 5 ina kasi, ndiyo inayofaa kwa video, ila kuta zinaichosha upesi. Tena kuna kitu kinaitwa kiwango, yaani makubaliano ya namna vifaa vitakavyozungumza. Viwango vimepewa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kasi inavyoongezeka. Kifaa kipya kikikutana na cha zamani, kinashuka na kuongea kizamani ili visikilizane. Akaikagua kompyuta ya dada, akasema haina kosa.

Dada alikuwa akimtafsiria baba neno kwa neno. Maneno yale hayakuwa na alama zake, kwa hiyo wakawa wanazitunga palepale, na mimi sina mbavu. Bendi ya 2.4 ikawa mzee wa mkongojo anayepita popote. Ya 5 ikawa kijana mwenye mbio, akifika ukutani anahema. Rauta ikawa ngumi inayofunguka, vidole vikitawanyika pande zote. Kiwango baba alikidaka kabla hakijaisha kuelezwa. Alichomoa bolti na nati mfukoni, akazikaza. "Walioitengeneza hii hawawajui walioitengeneza hii," akasema. "Lakini zinaingiana, kwa sababu watu walikubaliana kipimo." Halafu akatoka kumletea mgeni maji.

Fundi wa mtandao akafungua kabati, akagonga ndani kwa ukucha. Uso wake ukabadilika.

"Dada, hili ni bati," akasema. "Mawimbi hayapiti kwenye bati, yanagonga na kurudi. Mnachopata chumbani ni kile kinachoponyoka kwenye tundu na nyufa za mlango."

"Nikivuta waya mpaka kwenye kompyuta?"

"Kompyuta yako haina tundu la waya huo. Itoe rauta humu, iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Basi."

Dada akatazama mlango aliotokea baba. "Tafadhali," akasema, "baba asijue." Baba aliporudi na maji na kuuliza fundi kasemaje, dada alimjibu kwamba tatizo ni nguzo ya mtandao huko nje, kampuni itairekebisha.

Nilimjia juu, nisiseme uongo. "Unga utamwagika, wewe! Mwambie!"

"Umeiona mikono yake?" akanijibu. "Hilo ni kabati lake la mwisho. Nimwambie limeharibu kazi yangu?"

Basi na mimi nikaifunika siri. Ikawa dada akipigiwa simu anafungua mlango wa kabati kwa siri, walau mawimbi yapate njia. Baba akipita anauona wazi, anatikisa kichwa kwa ajili ya vumbi, anaufunga kwa kishindo, na mwishowe akaupiga kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

Asubuhi moja nilikuwa sebuleni nakunywa chai, niende zangu saluni, mara dada akatoka chumbani mbio na kompyuta mikononi, ananiashiria nitoke. Kazi zake ni za siri na huwa simwingilii. Nisingeyasimulia haya kama mgonjwa mwenyewe hangekuja baadaye kutuamkia na kusema tusimulie. Chumbani picha ilikuwa imekufa kabisa, akaona ajaribu karibu na kabati, na kabati lilikuwa limefungwa. Nilifika mlangoni tu, baba naye akawa anaingia kutoka karakana, nikabaki palepale. Dada alimwambia kwa sauti, "Baba, toka!" Masikini, kiwewe kilimsahaulisha hata baba yake ni nani.

Kwenye kompyuta alikuwa mzee mmoja kitandani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, mkono wa kulia umeganda hewani. Sauti ya daktari ilikuja kwa vipande. Vidole viwili vimeoza, anataka kuvikata, chumba cha upasuaji kinasubiri.

"Amekubali?" daktari akauliza. "Nimeona ameitikia kwa kichwa."

"Ameonyesha vidole, akasema kukata, halafu picha ikaganda," dada akasema. "Sijaona mwisho wa sentensi."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Daktari, nakuomba usubiri. Mimi sibahatishi."

 Baba alikuwa amesimama nyuma ya dada akiutazama ule mkono ulioganda, akisogea karibu zaidi na zaidi. Akamgusa dada bega. "Nani amemkatisha?"

Dada macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Baba akauliza tena, safari hii kwa ukali. Ndipo dada akakunja ngumi, ile alama waliyoitunga wenyewe, rauta, na vidole vilipoanza kufunguka akaifunika kwa kiganja cha pili. Vidole vikabaki vimebanwa. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kabatini, akasema, "Bati."

Baba alielewa palepale. Alitoa ufunguo, akajaribu kuuingiza kwenye kufuli, mkono ukakataa. Akajaribu tena. Akautupa chini, akachomoa patasi kwenye aproni, akaipachika kwenye kile kiungo kisicho na msumari, akasukuma kwa uzito wake wote. Kishindo kilichotoka hapo kilimfanya hata daktari aulize kuna nini. Mlango ukaning'inia. Baba akaitoa rauta na waya wake, akasimama katikati ya sebule, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.

Picha ikarudi. Dada akamwomba mzee aanze upya, akaufuata mkono wake mpaka mwisho, ndipo akamwambia daktari, "Anasema, kukata msikate kabla hamjanieleza. Vidole hivi ndivyo ninavyoongelea na mke wangu. Nataka kujua kama kuna njia nyingine."

 Daktari akasema njia ipo, ni ndefu na ina maumivu, na hakuna uhakika, lakini ipo. Wakaanza kuijadili, mzee anauliza, daktari anajibu, dada katikati. Muda wote huo baba alisimama na rauta juu, mikono ikitikisika. Nilitaka kumpokea akanikatalia kwa macho. Alikuwa na maneno, nilimwona usoni, ila mikono ya kuyasemea ilikuwa kazini.

Simu ilipoisha aliiweka rauta juu ya kabati, pale ilipo mpaka leo. Nilidhani atalililia lile kabati. Hata hakulitazama. Alimgeukia dada.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba. Fundi alisema ulipokwenda kuleta maji."

"Ukaniambia nguzo."

"Niliogopa kukuumiza."

Baba alikaa kwenye kiti, safari hii bila kukiburuta. "Maisha yangu yote watu wananikatia maneno kwa kunihurumia," akasema. "Mama yako hakunifanyia hivyo hata siku moja. Wewe ndiye mkalimani wangu. Nikatiwe na wewe?"

Dada akamwomba radhi, machozi yakimdondokea mikononi mpaka alama zake zikawa ngumu kusomeka. Baba akamsubiri ajifute. Kisha akamwambia aanze upya, pale fundi alipofungua kabati, asiruke kitu. Basi dada akaketi mbele yake akamtafsiria yote, bati, tundu, nyufa, mpaka akafika kwenye maneno yake mwenyewe, na hayo pia akayasema, "Baba asijue."