Maji Matamu ya Siku Tano

Ko. Ko.

Mlio huo niliusikia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimejibanza nje ya duka la dawa za miti mjini Mombasa, nikingoja mvua ipungue, na nyuma ya pazia mtu alikuwa akigonganisha vitu viwili vikavu. Haukuwa mlio wa jiwe wala wa ubao, bali kitu cha katikati. Aliyekulia nyumbani kwetu Gazi hahitaji kufunua pazia. Ule ni mlio wa jongoo wa baharini waliokauka sawasawa, na anayewagonganisha ni mnunuzi anayetaka kujua kama ndani wamebakiza unyevu.

Baba yangu ndiye aliyekuwa akiwakausha. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka tisa. Maji yakipwa alfajiri, baba alishuka kuwaokota. Walipasuliwa, wakachemshwa katika karai, wakafukiwa mchangani mpaka gamba lilegee, wakasuguliwa kwa majani ya mpapai, wakatiwa chumvi nyingi, ndipo wakaanikwa. Hakuna aliyewala kijijini; watu waliona kinyaa hata kuwataja wakati wa chakula. Chuoni tuliposoma Kurani, wenzangu waliniita Mishi Jongoo na kuziba pua nilipokaa jamvini. Baba alicheka nilipomshtakia. Alisema kiumbe yule anatulisha bila sisi kumla, na mkarimu wa namna hiyo hapatikani hata katika ukoo.

Mnunuzi wetu alikuwa Mchina mzee aliyekuja kwa lori lililokuwa likirudi Ramisi kupakia sukari. Jina lake lilitushinda, tukamwita Babu Mchina. Alikaa barazani, akagonganisha jongoo sikioni mwake kama mtu asikilizaye saa mbovu. Mama hakutoka mbele ya mwanamume mgeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa staha ya nyumba yetu. Kwa hiyo maneno yao yalipita kwangu. Nilitoa kahawa na salamu, nikaingiza shukrani na habari za mji.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na ugonjwa. Baba aliamka uso umevimba, macho yamekuwa kama mikato ya kisu. Ukimbonyeza mguu, kidole kiliacha shimo lililochelewa kufumba. Mkojo ulimpungua. Mganga alisema ni baridi iliyoingia kwenye figo kwa miaka aliyosimama majini kabla ya jua. Mama alimchemshia ndevu za mahindi. Alikaanga mchanga, akaufunga kwenye kitambaa na kumkanda kiuno asubuhi na jioni, midomo yake ikisoma dua bila sauti. Uvimbe ulipanda tu.

Babu Mchina alifika akamkuta baba amejifunika shuka mchana kweupe. Siku hiyo hakugonganisha kitu. Mama alikuwa uani, jikoni, mzee akaniita karibu. Alinieleza kwamba kwao uko msimu ambao maji hugeuka jiwe na miti hubaki mifupa. Msimu huo watu hulala mapema, hufunika kiuno na nyayo, na huzilinda figo zao, kwa kuwa humo ndimo mwili unamohifadhi moto wake, kama majivu yanavyohifadhi kaa hadi asubuhi. Na wazee wao, akasema, humla huyu jongoo.

Kisha akanishika bega. "Mwambie mama amroweke kwa maji matamu siku tano. Asubuhi abadilishe maji, jioni abadilishe maji. Chumvi yote itoke. Chumvi ni adui wa figo. Usisahau, mtoto."

Sikusahau. Hili ndilo ninalotaka kuwaambia. Kisima cha karibu kilikuwa cha maji ya magadi. Cha maji matamu kilikuwa mbali, nyuma ya minazi, na kuteka ilikuwa kazi yangu. Kabla sijafika uani nilikwisha kuhesabu: safari kumi, na kata ya majani kichwani.

Nilimwambia mama kwamba mzee amesema achemshe supu ya jongoo, ni dawa ya figo.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Mama aliwaficha jongoo ndani ya mkebe wa biskuti wenye picha ya Malkia, akawapika mmoja mmoja kwa ndimu, tui na pilipili manga. Akamwambia baba ni pweza, kwa kuwa mwanamume wa pwani hakatai supu ya pweza. Mimi ndiye niliyepeleka bakuli. Baba aliliangalia kwa muda mrefu, akanywa, akalimaliza.

"Pweza wako mlaini, mama Mishi," alisema.

Aliyasema hayo kila siku. Na kila siku aliomba maji zaidi, na uvimbe ukapanda tumboni. Ilinichukua nusu ya umri wangu kuelewa kwamba mtu aliyeshika jongoo maelfu kwa mikono yake hawezi kumdhania pweza. Alijua tangu funda la kwanza. Alikula kinyaa cha kijiji kizima ili asimvunje moyo mkewe.

Alituacha kabla kipupwe hakijaisha. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja aliniambia kwamba figo za namna ile huenda zilikuwa zimekufa kitambo, ingawa chumvi kwazo ni kuni juu ya moto. Nililishika neno la kwanza kwa nguvu zote. La pili ndilo lililonishika mimi.

Babu Mchina alirudi mama akiwa edani. Alisimama nje, kofia mkononi.

"Mpe mama pole. Muulize: maji alibadilisha siku tano?"

Niliingia. Mama alikuwa ameketi mkekani nyuma ya mlango, tasbihi mkononi.

"Anakupa pole," nilisema.

"Mwambie tumeshapoa."

Nilitoka. Nilimwambia mzee kwamba mama amesema tumeshapoa, na kwamba maji aliyabadilisha, siku zote tano. Mzee alinitazama, akaitikia kwa kichwa.

"Basi ni Mungu," alisema.

Mlango wetu ulikuwa wa mbao nyembamba, zilizoachana hata mwanga ukapenya. Mama alikuwa hatua mbili tu, na mzee yule alisema kwa sauti kubwa kama watu wasiosikia vizuri. Hayo sikuyafikiria. Mama aliishi miaka thelathini baada ya siku ile na hakuniuliza neno. Ila tangu alipotoka edani, maji matamu aliyateka mwenyewe.

Siku ile niliona tu mzee akishuka barazani bila kuchukua jongoo hata mmoja. Alipofika njiani, mkono wa mama ulitokeza, ukaurudisha mlango taratibu, mpaka komeo likaingia.