Wifi Kaja Kuchukua Kalibu

Yaani Mama Rangi alipomwona wifi yake kwenye foleni ya wageni, tena kakata tiketi kabisa kama mtu baki, uso ukamvimba palepale.

Hii makumbusho si ya kuangalia vitu vilivyokufa. Vigae vya maua vinatengenezwa mbele ya macho yako, na anayevitengeneza ni yeye Mama Rangi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alifundishwa na baba mkwe wake, marehemu, kwa kalibu ileile ya shaba: umbo la ua, ndani vyumba vyumba, kila chumba unakimiminia rangi yake.

"Hujambo, wifi?"

"Usinihujambo mimi. Nipe kalibu ya baba yangu."

"Alipougua ulikuwa wapi?"

"Mlangoni ulikaa wewe, ningepita wapi?"

Wageni simu juu, wanarekodi! Mkuu wa makumbusho akaja mbio, kachoka na barua zao za miaka za kugombea kalibu. Akasema basi, kila mmoja atengeneze kigae kimoja. Kitakachotoka safi, mwenyewe aondoke na kalibu.

Mama Rangi akacheka kimoyomoyo. Kalibu ina kona moja imepinda. Usipoikandamiza kwa dole gumba la kushoto mpaka dakika ya kuinua, bluu inavujia kwenye nyeupe. Sasa hilo nani mwingine analijua?

Wifi akaanza. Mama Rangi akampa mgongo, hata kumtazama hataki. Rangi, kalibu juu, saruji, mtambo ukashuka kukandamiza. Ua linakaa chini, kwa hiyo huoni kitu mpaka kigae kigeuzwe.

Zamu ya Mama Rangi ikafika. Nyeupe, njano, bluu, mkono unateleza wenyewe.

"Mbona unatetemeka, wifi? Au umezoea kushangiliwa?"

"Koma!" Mama Rangi akamnyooshea mkono. Wa kushoto, jamani! Sekunde moja tu. Akaurudisha haraka, akainua kalibu, akaomba Mungu.

Vigae vikageuzwa. Cha wifi, safi kama sahani mpya. Cha kwake, bluu imetambaa kwenye nyeupe kama wino uliomwagikia shuka.

"Kona umeijuaje?" Mama Rangi akauliza.

"Niliiangusha mimi, nina miaka saba. Baba akanishika dole, akaliweka pale. Wewe alikufundisha wa pili."

Akaifunga kalibu kwenye taulo. Mama Rangi akabeba kigae chake kibovu, kibichi bado, akakilaza katikati ya mlango. Apite juu yake! Akivunje, wote wamwone alivyo!

Wifi akafika, akakitazama. Kigae kibichi, hata kiwe cha adui, fundi hathubutu kukikanyaga. Akakunja gauni, akaruka.

"Kitoe hapo, mjinga wewe," akasema bila kugeuka. "Wageni watakivunja."

Mama Rangi akakitoa.