Koleo la Uani Kwetu Katwe

Jumapili iliyopita niliingia duka moja pale Kansanga kutafuta sabuni, nikatoka na koleo. Jembamba, linang'aa, ncha zake zimevishwa mpira. Sabuni nilisahau. Ungenijua utotoni, rafiki yangu, usingenicheka.

Tulikulia Katwe, kwenye ua wa vyumba vya kupanga vilivyotazamana, na nyundo za mafundi wa chuma ndizo zilizotuamsha. Ua mzima ulikuwa na koleo moja tu. Bibi, aliyetoka Kenya kuja kumsaidia mama kutulea, alilitengenezesha kwa fundi jirani kutokana na springi ya gari. Lilikuwa jeusi, refu na zito. Alfajiri aliwasha sigiri yake, jiko la makaa, kwanza, kisha wanawake wakaja mmoja mmoja kuchukua kaa la moto. Koleo hilohilo liliepua sufuria, likageuza mahindi, likatoa ndizi jivuni. Liliwahi hata kuopoa ndala yangu mtaroni, ila hilo bibi hakulijua.

Sharti lake lilikuwa moja: koleo lisiwekwe chini. Katwe chuma kikilala nje hakiamki. Kabla ya mchana kimeshapondwa kikawa bawaba ya mlango wa mtu. Kwa hiyo lilitoka mkononi mwa mtu mzima likaingia mkononi mwa mtu mzima. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa.

Basi mama akakosana na jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikongo aliyekaanga mandazi ya kuuza. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kamba: mama alianua nguo za mwenzake zikiwa mbichi, akaanika zetu. Wakanuniana siku nyingi. Nikakatazwa kucheza na binti yake, na yale mandazi yaliyoungua, ambayo yalikuwa haki yangu kila asubuhi, yakakatika. Nilihuzunika kweli, na si kwa mandazi peke yake.

Bibi hakumsuluhisha mtu. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, alimkabidhi mama koleo na sigiri yake, akaingia ndani kusali, sala ndefu kuliko kawaida. Jirani alisimama mlangoni pake kitambo, kisha akaja.

"Mama, unisaidie koleo. Makala yangu imelowa, inakataa kuwaka." Makaa yeye aliyaita makala.

Mama alilitoa motoni, akazungushia kitambaa, akamgeuzia upande wa baridi. "Shika hapa. Huku utaungua."

Hayo tu. Palepale sala ya bibi ikaisha. Mchana nguo zao na zetu zilikuwa kamba moja, na mimi na binti wa jirani tumejaza mashavu mandazi.

Ua ule ulishabomolewa, yamejengwa maduka, na bibi tulimzika kwao. Sasa naishi Mbuya, napikia gesi. Koleo langu jipya limelala kabatini; majirani wote wana makoleo yao, hakuna aliyebisha hodi kuliomba. Lile jeusi sijui lilipotelea wapi. Labda ni bawaba sasa, na kama ni bawaba, nina hakika mlango huo haujui kufungwa.